Homa za mtoto: mkojo nao upimwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya upasuaji wa watoto bila chale kubwa ilinifurahisha, ila mmeanzia ghorofani. Mimi naandikia kutoka kwenye benchi la zahanati.

Binti yangu alikuwa na miaka miwili homa zilipoanza. Kila tukienda anatobolewa kidole, malaria haionekani, tunarudi na chupa ya antibayotiki. Mara ya nne nesi wa zamu ya usiku akauliza: mkojo wa huyu umepimwa? Haukuwa umepimwa. Ulipooteshwa maabara wakakuta bakteria, na eksirei ya kibofu ikaonyesha mkojo unapanda kurudi kwenye figo. Daraja la 3 kati ya 5, la 5 likiwa baya zaidi.

Nilijua atapasuliwa tumbo. Daktari akanituliza: tangu mwaka 1984, madaktari O'Donnell na Puri wa Dublin, Ireland, walipoonyesha njia, hupitishwa kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, kisha hudungwa kitu kizito chini ya tundu la mrija wa kutoka kwenye figo, pale unapoingia kibofuni. Pakituna, mkojo haurudi. Ni nusu kaputi ya muda mfupi, na kwa kawaida mtoto analala kwao siku hiyohiyo.

Haifaulu kwa kila mtoto, lakini. Wapo wanaodungwa tena, na wapo wanaoishia kwenye upasuaji wa kupandikiza upya mirija, ambao hufaulu zaidi. Wenye daraja la 1 na la 2 wengi hupona wenyewe wakikua. Hilo makala yenu haikuligusa, na mzazi mwenye hofu anaweza kuuza kiwanja bure.

Wangu hakudungwa. Tulimpa antibayotiki ya kinga kila usiku, tukapambana pia na choo kigumu, maana nacho huchochea UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014, wa watoto 607, ulionyesha dawa hiyo hupunguza UTI kujirudia kwa karibu nusu, ingawa makovu ya figo hayakupungua. Yeye kovu tayari analo, figo ya kushoto.

Nilirudi zahanati kuuliza kwa nini mara tatu zile hawakupima mkojo. Nikaambiwa vijiti vya kupimia viliisha, na hakuna aliyeagiza vingine.

Mama mzazi,
Morogoro