Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Msichana wa kijijini apewe kazi, si kiti tu

Mheshimiwa Waziri,

Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za vijiji zimo katika MTAKUWWA, mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, tangu ulipoanza mwaka 2017/18. Msichana akiingizwa humo, mara nyingi huishia kuzungusha karatasi ya mahudhurio. Tunaomba mwongozo wako umpe majukumu yaliyoandikwa, na fungu la kuyatekelezea.

Tuanze na saa 72 za kwanza baada ya kubakwa, maana hapo ndipo mengi huharibika. Aliyebakwa huanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ndani ya muda huo, na kila saa inayookolewa ina faida. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120. Kijijini saa hizo huliwa na vikao: mjomba anasubiriwa, mwenyekiti yuko shamba. Huku nyuma mama, kwa huruma tu, amekwisha kumwogesha binti na khanga imelowekwa kwenye beseni. Ushahidi umekwenda na povu la sabuni.

Msichana aliyefundishwa angewahi kusema: usioge, nguo usizifue. Zikiwa mbichi zianikwe kivulini zikauke, kisha kila moja iwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi. Mfuko wa plastiki haufai, kwani unyevu ukibaki ndani nguo huota ukungu na vinasaba huharibika. Angejua pia ni kituo kipi cha afya chenye dawa, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi gani, na kwamba kwa mtoto hupigwa simu namba 116. Tunakuomba uliweke wazi kwa watendaji wote: majeruhi atibiwe kwanza, PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu, ifuate.

Haya hayahitaji shahada. Yanahitaji mafunzo ya siku chache, vocha ya simu, na nauli ya bodaboda iliyo mkononi kabla tukio halijatokea. Nauli inayoombwa kwa barua hutoka saa 72 zimekwisha pita.

Halafu kuna siku 28 za dozi ya dawa hizo za kuzuia VVU. Kichefuchefu cha siku za mwanzo huwafanya wengine waache, na hapo msichana wa rika moja ana nafasi ambayo mtendaji hana: anaweza kupita kama anayekwenda kusukwa nywele, akauliza vidonge vimebaki vingapi, na jirani asijue lolote.

Kazi moja asipewe kabisa, nayo ni usuluhishi. Ubakaji ni jinai, hauishi kwa ng'ombe wala fedha. Akiketishwa kwenye kikao cha kuyamaliza kifamilia, jina lake linatumika kufunika kosa. Mjumbe yeyote mwenye undugu na mtuhumiwa atoke nje, na hilo liandikwe.

Wasichana wenye ulemavu ndio huachwa kwanza. Kikao kikifanyika kwenye ofisi yenye ngazi, mwenye kiti cha magurudumu amekwisha ondolewa bila kufukuzwa. Kwa kiziwi, mkalimani asiwe ndugu, kwa kuwa anayelalamikiwa anaweza kuwa yuleyule anayetafsiri. Saa za kikao nazo zipangwe na wajumbe wenyewe. Cha asubuhi humkuta msichana shambani, cha jioni humrudisha nyumbani gizani.

Daftari la matukio litumie namba badala ya majina: saa ya tukio, saa ya kufika kituoni, alikopelekwa, majibu yaliyorudi. Lifungiwe, lisilazwe juu ya meza ya ofisi.

Msichana wa chini ya miaka 21 hawezi kugombea uongozi wa kijiji, lakini akifika 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Basi asome yeye taarifa ya kamati pale: wangapi walifika kituoni ndani ya saa 72, mashauri mangapi yamefika mahakamani. Kitongoji asikitaje, kwani kijijini mtu hutambuliwa kwa kitongoji tu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wawezeshaji wa kamati za ulinzi za vijiji