Usingoje Juni

Kirumba, Mwanza

Mpendwa Bahati,

Mwangaluka, ndugu yangu. Huku hatujambo, mama anakusalimu, na Masanja karudi kutoka Geita, lakini yake utayasikia ukifika. Naandika haraka kwa sababu ya ujumbe wako: safari ya kuja kupiga picha za nyota umeiahirisha mpaka Juni, maana Desemba huku ni mawingu matupu, na kamera umeifungia kabatini. Imeniuma.

Sibishi, Juni hadi Agosti anga letu ni safi, na Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, inapita karibu na utosi. Lakini picha hiyo utaipata hata huko Dodoma. Picha ninayokuitia inapatikana ziwani tu, tena wakati huu wa mawingu.

Wewe umeondoka huku mdogo, huenda umesahau tabia ya ziwa. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unatoka ziwani, mawingu yanajijenga juu ya vilima vyetu. Usiku upepo unageuka. Pepo za nchi kavu zinakutana katikati ya ziwa, na ngurumo zinazaliwa huko, hasa kuelekea alfajiri. Kati ya hayo mawili mara nyingi kuna mwanya, mapema usiku. Hapo ndipo pa kwetu. Katikati ya Desemba, kuanzia saa tatu hadi saa tano, Kilimia, kile kishada cha nyota, kiko juu upande wa kaskazini, na ukisimama ufukweni Igombe, kaskazini mwa mji, taa za mji zinabaki mgongoni. Mjini usijaribu kabisa, mawingu yanaurudisha ule mwanga wote chini.

Halafu wingu jembamba, Bahati! Linatawanya mwanga wa nyota kubwa hadi rangi inaonekana: Betelgeuse nyekundu, Rigel ya bluu. Vinyota vidogo vinafifia, umbo la Orion, kundi lenye nyota hizo mbili, linabaki wazi. Kuna wapigapicha wanaonunua kichujio cha ukungu cha kufunga mbele ya lenzi ili wapate hicho tunachopewa bure.

Na wavuvi wa dagaa je? Wanaingia majini siku za giza, zisizo na mwezi, usiku uleule tunaoutaka sisi. Taa zao (karabai zimepungua, wengi sasa wana za sola) zinafanya ziwa lionekane lina nyota zake. Tena zinatusaidia: wingu likifunika kila kitu na huna nyota ya kulengea fokasi, lengea taa ya mbali, kisha usiiguse tena.

Ile lenzi yako ya milimita 24 ndiyo ninayoiomba, uje nayo wewe mwenyewe. Kwa anga tupu inavumilia kuachwa wazi sekunde 20 hivi kabla nyota hazijavutika pichani, ila mawingu yanayokimbia yatayeyuka. Tutashuka hadi sekunde 8 au 10, tupandishe ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 3200. Ngurumo ikisikika tu, tunaondoka ufukweni. Hilo sina mjadala, unajua yaliyompata mdogo wake Kulwa.

Baba Neema kakubali tulale kwake pale mwaloni. Kwa hiyo, likizo yako inaanza lini? Utakuja kwa basi au treni? Stendi yako ya kamera ilishatengenezwa ule mguu? Na Rehema naye atakuja, au bado mmenuniana? Nijibu kabla mwezi haujaandama, nimwambie Baba Neema siku.

Wako,
Leticia