Huku kwetu viota hufuata mvua

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu hunifikia hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, jioni, likiwa limeshasomwa na dereva wa lori na mwenye duka, lakini hunifikia. Hivi karibuni ukurasa wenu wa nyumba na bustani ulitushauri tukae kimya uani kati ya Mei na Julai tuwaangalie ndege waoga wakilea makinda, eti kwa kuwa huo ndio msimu wa viota. Kwa Uingereza sina ubishi. Kule mwezi wa Juni mchana una saa 16 hivi, viwavi wamejaa majanini, na yule ndege wao mdogo mwenye kifua chekundu hutaga mayai manne hadi sita na bado akapata muda wa kulisha watoto wote. Sisi tuko jirani na ikweta. Mchana wetu ni saa 12 kuanzia Januari hadi Desemba, na ndege wetu wengi wa uani hungoja mvua iwaletee wadudu ndipo wajenge. Kurumbiza, ndege mwimbaji wa nyua za huku, hutaga mayai mawili, mara nyingine matatu, basi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, mashine ya kukanyaga kwa miguu, na mbele yangu kuna ua wa michongoma uliosongamana na lantana. Jambo moja ambalo makala yenu haikuligusa ni kwamba ndege mwoga hasumbuliwi sana na kelele aliyoizoea. Cherehani ikinguruma yeye anaendelea na shughuli zake. Kinachomtorosha ni kelele hiyo kukatika ghafla, au jicho la mtu kumkazia. Kwa hiyo kitambaa kikiisha chini ya sindano mimi huendelea kukanyaga, namwangalia kwa pembeni. Wateja wameshanikuta nashona hewa. Siku hizi hawaulizi.

Huyo kurumbiza ndiye kipenzi changu. Kifua rangi ya chungwa, kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho. Alfajiri na magharibi huimba kwa sauti ya kujaza mtaa mzima, dume na jike wakipokezana, lakini kumwona ni kazi, kwa sababu hukaa ndani kabisa ya ua karibu na ardhi. Miezi ya ukame hujitokeza kidogo kuchakura majani makavu chini ya mwembe. Mvua za Machi zikishika, anapotea. Ndipo naanza kuangalia midomo. Ndege akiwa na mdudu mdomoni na hammezi, ujue ana wa kumlisha, na ujue pia kwamba hatakwenda kwake moja kwa moja. Atatua kwenye mti wa kwanza, angoje, ahamie wa pili, ageuze kichwa, kisha azame majanini mahali ambapo hukutarajia. Ukisimama ili uone vizuri, atabaki na mdudu wake mdomoni na makinda watalala njaa mpaka uondoke.

Kuna mwingine, mdogo, wa kijivu mwenye mabawa ya kijani na mkia aliousimamisha, anayelia kama mwanambuzi aliyefungiwa. Huyu ni fundi mwenzangu. Huchukua majani mabichi ya mmea ulio chini chini, hata goti halifiki, akayatoboa kingo na kuyavuta pamoja kwa utando wa buibui na nyuzi za mimea, halafu ndani akatandika nyasi laini. Majani hayafi, yanaendelea kuwa ya kijani, kwa hiyo unaweza kupita hapo na ndoo ya maji kila asubuhi usijue. Nimekagua kiota kimoja baada ya makinda kuruka. Mishono ya kule ndani sikuwa na la kukosoa.

Chozi, yule ndege mdogo wa maua, yeye hana aibu, hutundika kiota chake hadi kwenye waya wa kuanikia nguo, na huja barazani kuokota nyuzi nilizotupa. Hapa nawaomba mafundi wenzangu: uzi mrefu au nywele za saluni zikiingia kiotani humfunga kinda mguu, naye akikua mguu unakatika damu. Mimi nyuzi zangu nazikata fupi fupi kabla ya kufagia.

Sasa niseme kilichonifanya nichukue kalamu. Ua hukua haraka mvua zikinyesha, na hapo ndipo majirani huita vijana wa mapanga. Aprili mtaa wote unanyolewa, Septemba au Oktoba tena. Nawaelewa. Watu wanaogopa nyoka, na mwenye nyumba anataka mpangaji aone ua uliopangika. Lakini ua ukishafunguliwa, hata kiota ambacho panga halikukigusa kimekwisha, kwa maana dudumizi, ndege mla makinda, na paka sasa wanakiona. Mayai ya kurumbiza hulaliwa wiki mbili au zaidi kidogo, na makinda hukaa kiotani muda kama huo. Ni mwezi mmoja tu. Uingereza wana sheria ya 1981 inayokataza kuharibu kiota kinachotumika. Mimi siombi polisi waje kwenye michongoma yetu. Naomba kazi hiyo ifanywe Januari au Februari, kabla mvua hazijaanza, na wasioweza kungoja wakate juu na upande wa barabarani, wauache moyo wa ua ulivyo. Vijana watalipwa pesa ileile.

Wapo wanaoniambia kwamba nahangaikia viota ambavyo ndege wenyewe wanadhulumiana. Wanamkusudia kekeo mwenye kifua chekundu, yule anayeita mara tatu huku sauti ikishuka, ambaye wakulima humsikiliza kutabiri mvua. Ni kweli, hutaga ndani ya kiota cha kurumbiza, na kinda wake huyasukuma nje mayai ya mwenyeji. Nimemwona kurumbiza akimlisha mtoto mkubwa kumliko yeye, karibu amezwe kichwa. Mtoto wa jirani alitaka kumtoa yule mgeni kwa fimbo. Nilimzuia. Kekeo hana njia nyingine ya kuzaa, na kurumbiza amekuwa akiishi naye tangu zamani. Panga ndilo geni.

Ombi langu la mwisho ni lenu ninyi wahariri. Msituletee tena kalenda ya kiangazi cha Ulaya. Tengenezeni ya kwetu, na msiitengeneze kwa kuitazama Tororo peke yake, maana sisi tuna mvua mara mbili kwa mwaka lakini kaskazini ya Uganda wana msimu mmoja mrefu, kama Aprili hadi Oktoba. Waulizeni wasomaji wa Arua, Gulu na Kabale: ni mwezi gani walipomwona kwa mara ya kwanza ndege amebeba nyasi mdomoni? Mkichapa majibu yao, nitayakata niyabandike barazani, karibu na orodha ya bei.

Fundi cherehani,
Tororo