Anamwitaje? Barua ya wazi kwa wanangu mnaoandika hadithi

Wanangu,

Salamu nyingi. Miswada yenu 14 nimeisoma yote, mingine mara mbili, na ule wa kinyozi na mwanawe mara tatu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya macho. Nimekatazwa kusoma usiku, na mchana hapa Ngamiani una wageni wake. Nimeona niwaandikie barua moja nyote, tena ya wazi, kwa kuwa ninalotaka kulisema linamgusa kila mmoja wenu, na naamini linawagusa wengine wengi wanaoandika Kiswahili siku hizi ambao sijapata kuwaona.

Kuandika mnajua. Naanza na hilo kwa kuwa ni kweli. Sentensi zenu zinatembea, mandhari mnaiona, na mtu mmojammoja mnamchora vizuri: macho yake, mwendo wake, shati lake lililopauka begani kwa kubeba mizigo. Tabu naiona pale watu wawili wanapoingia chumba kimoja. Hapo kalamu inakuwa nzito. Mmoja wenu ameniambia kwamba Jabiri na Rukia "wanapendana sana". Ameniambia hivyo mara 6 katika kurasa 10. Sijawaona wakipendana hata mara moja.

Shuleni mlifundishwa kuainisha wahusika: huyu bapa, huyu duara, huyu shinda. Niliyafundisha hayo mwenyewe kwa miaka mingi na sijutii, maana yanamsaidia msomaji aliyekwisha kufunga kitabu. Anayeandika hayamsaidii kitu. Huwezi kukaa mezani ukasema leo nitamuumba mhusika duara. Utakachoweza ni kuuliza: huyu mtu ana nani? Nani akigonga mlango, moyo wake unashtuka? Nani hawezi kumtazama usoni, na kwa nini? Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba mhusika hana uzito wowote mpaka awepo mtu mwingine anayeweza kumuumiza.

Sasa, lugha yetu imetupa chombo ambacho naona mnakiacha sandukuni. Kwetu uhusiano unasikika kabla haujaelezwa, kwa sababu unakaa kwenye namna watu wanavyoitana. Mama aliyempa mwanawe jina la baba yake mzazi humwita yule mtoto "baba". "Baba, njoo ule." Mtoto ana miaka minne, na kwenye neno lile moja wamo watu watatu, mmoja wao marehemu. Siku mama huyohuyo atakapomwita kwa jina lake kamili, msomaji wa Kiswahili ataweka kikombe chini. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na akiona kaja na mchumba hununa kwa utani, "umeniolea mke mwenza". Weka utani huo ukurasa wa 5, kisha ukurasa wa 90 bibi awe mgonjwa, mjukuu aingie chumbani, bibi amwite "mjukuu wangu" kwa sauti ya kawaida. Huna haja ya kuandika kwamba alijua anakufa.

Au mume na mke. Miaka 20 amekuwa "baba Asha". Asubuhi moja mke anaweka chai mezani na kusema, "Bwana Salimu, chai yako." Mmeona? Nyumba imepasuka na hakuna sahani iliyovunjika.

Na salamu, jamani. Nimehesabu: katika miswada yenu watu wanasalimiana mara nyingi sana, na karibu salamu zote zingeweza kufutwa bila hasara. Salamu ni mahali pa kugombania. Kijana alimtorosha binti wa mzee. Anarudi baada ya miaka mitano, anainama barazani: "Shikamoo, baba." Mzee anaendelea kukung'uta kofia yake. Anaikung'uta mbele, anaikung'uta nyuma, anaivaa. Kijana bado ameinama. Ile marahaba isiyotoka inaweza kuibeba sura nzima ya kitabu chako, na itakapotoka, kama itatoka, msomaji atalia.

Nitawaonyesha jambo moja kwa karibu. Katika mswada wa mmoja wenu wamo dada wawili wanaogawana vitu vya mama yao baada ya matanga, na humo nikakuta doti ya kanga. Nimemwomba ruhusa niitumie, naye amekubali. Katika mswada wake dada wale wanasimama na kuambiana, kwa kurasa mbili, kila kitu walichokiweka moyoni tangu utoto. Nimejaribu kuandika kipande kilekile hivi:

Doti ilikuwa haijakatwa. Mama aliinunua, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na miaka yote ile hakuivaa. Mwanaidi aliinusa. Karafuu.

"Chukua wewe, dada," alisema Tatu.

"Aliyemuuguza ni wewe."

"Aliyekuwa akituma hela ni wewe."

Mwanaidi akanyamaza. Akaitandaza doti juu ya mkeka, akautafuta mstari wa katikati kwa kidole. "Kalete mkasi."

Tatu hakuinuka.

Basi. Hapo nimesimama. Hakuna aliyesema samahani wala nakupenda. "Aliyemuuguza ni wewe" inaweza kuwa shukrani, inaweza kuwa aibu ya mtu aliyekuwa mbali. "Aliyekuwa akituma hela ni wewe" inaweza kuwa shukrani vilevile, na inaweza kuwa mwiba. Tatu mwenyewe huenda hajui ni lipi kati ya hayo. Na mnajua kanga ilivyo: ukiikata doti katikati, kila kipande kinabaki na maandishi yake kamili. Wote wawili wangepata. Kwa nini basi Tatu haendi kuleta mkasi? Ukiweza kumfanya msomaji alale na swali hilo, umeandika undugu.

Angalieni pia kwamba wanagombana juu ya kitambaa. Watu wa karibu aghalabu hawagombani kwa jambo linalowauma. Wanagombana kwa chumvi, kwa mlango uliobamizwa, kwa nani kamaliza mkaa. Nikiona wapenzi wawili wanaanza ugomvi kwa kuutaja moja kwa moja mzizi wa ugomvi wao, najua mwandishi ana haraka ya kunieleza. Siku hizi mna simu pia, nayo ni nzuri kwa kazi hii. Ujumbe uliosomwa, tiki mbili za buluu, halafu kimya mpaka alfajiri. Yule aliyetuma anafanya nini usiku ule? Anafua? Anampigia shoga yake na kuzungumza habari nyingine kabisa? Niandikieni hilo.

Kuhusu mapenzi nina neno, na kwa hilo nawarudisha nyuma sana. Mwaka 1858, huko visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alikuwa amekwisha kufariki. Akamtungia binti yake utendi wa mawaidha, na anauanza kwa kumwita yule binti asogee karibu, achukue wino na karatasi. Leo watu wanaubishia utendi ule, kwa yale unayosema juu ya nafasi ya mke, na wana haki ya kubisha. Mimi nataka mtazame jinsi mtunzi alivyoyaona mapenzi kwa mikono. Mume akilala, asiamshwe. Mke akae karibu naye, ampapase, asikose mtu wa kumpepea. Upepo wa pepeo juu ya uso wa mtu aliyelala! Mtu asiyejua kwamba anapepewa! Huwezi kunidanganya kwamba aliyetunga mstari ule hakuwahi kukaa hivyo mchana wa joto, mkono ukimuuma, asiache. Na nyuma ya yote anayoyasema yupo binti anayeandika huku mama yake anadhoofika. Mapenzi ni mawili pale, ya mke kwa mume na ya mama kwa binti, na la pili halitangazwi hata kidogo. Limo kwenye lile agizo la kusogea.

Kwa hiyo Rukia, kama anampenda Jabiri, anafanya nini kwa mikono yake? Anajua nini juu yake ambacho mama yake Jabiri hajui? Anamchambulia samaki miba? Anajua kwamba akicheka kwa sauti ile ameficha jambo? Mpeni kila mhusika maarifa ya siri juu ya mwenzake. Maarifa hayohayo ndiyo yatakayokuwa silaha siku watakapoachana, kwa kuwa hakuna anayejua mahali pa kukuchoma kama aliyewahi kukupaka dawa mahali hapo.

Niwape kosa langu, maana sipendi kuwafundisha kama mtu asiyejikwaa. Nilipokuwa na miaka 30 na ushee niliandika riwaya kuhusu bibi harusi anayeteswa na mama mkwe. Nilimtengeneza yule mama mkwe nyoka mtupu. Alisengenya, alificha funguo za kabati, alimwaga mchuzi aliopika mwali. Nikaupeleka mswada kwa mhariri mmoja mzee, ambaye sasa ni marehemu. Ulirudi baada ya miezi na maneno machache tu kwa penseli, pembeni ya ukurasa: "Huyu mama anaogopa nini?"

Nilikasirika wiki nzima. Kisha nikamkumbuka jirani yetu mmoja wa zamani. Aliachwa mara mbili, mwana ni yule mmoja, na kila siku alionja wali wa mwanawe kabla hajamtengea, hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Nikaona kwamba mkwe alipoingia nyumba ile, kitu cha kwanza alichokichukua ni kile kijiko. Nikaandika upya kutoka mwanzo. Safari hii mama mkwe alikuwa mkatili vilevile, na mchuzi aliumwaga vilevile, lakini mimi niliyekuwa nikiandika nilikuwa nikimwonea huruma, na mwali naye akaanza kufanya makosa ambayo sikuyapanga. Wote wawili walikuwa na haki. Hapo ndipo ugomvi wao ulipoanza kunitisha.

Katika miswada yenu 14 nimekuta waovu 9 ambao hawaogopi chochote. Baadhi yao mmewapa majina ya tabia zao, Bwana Tamaa, Bi Husuda, na nadhani mnamfuata mzee wetu wa hapahapa Tanga, Shaaban Robert. Yeye katika Kusadikika, mwaka 1951, alimsimamisha Karama mbele ya baraza na mshitaki wake akamwita Majivuno. Lakini yeye alikuwa akitunga fumbo juu ya haki na sheria, wakati nchi iko chini ya mkoloni, na majina yale yalikuwa sehemu ya fumbo. Ninyi mnaandika juu ya watu wa Chumbageni na Kariakoo walio na madeni na watoto. Ukimwita mtu Tamaa, hujamwachia kazi yoyote ya kufanya ukurasa wa pili.

Baba na binti pia nawaomba mwaangalie. Nyote mna baba mkali. Sikilizeni: Euphrase Kezilahabi alipotoa Rosa Mistika mwaka 1971, kitabu kilizua kelele hata kikazuiwa shuleni kwa muda, na watu walizungumza sana mambo ya mwili yaliyomo. Mimi nilichokiona, na bado nakiona, ni Zakaria na Rosa. Baba mlevi, mkali, anayemlinda binti kwa fimbo, na binti anayekwenda mbali na macho ya baba bila kujua atajichungaje mwenyewe. Mengi yanayompata Rosa huko aendako yamebeba alama ya nyumba ile ya Ukerewe. Ukali wa baba yule unaendelea kufanya kazi hata akiwa hayupo. Baba zenu wakitoka ukurasani wametoka. Binti anaishi kama ambaye hakuwahi kupigwa.

Urafiki umesahauliwa karibu na wote. Wanawake katika hadithi zenu wana mashoga, ndiyo, lakini shoga anakuja, anauliza habari za mwanamume, anaondoka. Hana njaa, hana deni, hana wivu. Mimi na somo yangu tumejuana zaidi ya miaka 50. Tuliwahi kutosemezana miaka mitatu kwa sababu ya sufuria la kukodi, na siku mume wangu alipofariki yeye ndiye aliyeingia jikoni bila kuniuliza kitu, akaanza kupepeta mchele. Mpaka leo lile sufuria hatujalitaja. Mnaona hadithi iliyomo humo? Hakuna mwanamume anayehitajika kuiendesha.

Miswada iko kwangu, nimeifunga kwa kamba na kila mmoja una jina lake juu. Njooni baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Nimeandika maswali kwa penseli pembeni, na hakuna ulazima wa kuyajibu yote.

Wewe uliyeandika kisa cha kinyozi, njoo wa kwanza. Ile sura ambayo mtoto anamnyoa baba yake hospitalini, kwa wembe aliofundishwa naye, na anamshika kidevu ili asimkate, nimeisoma mpaka nikaweka karatasi chini na kwenda kukaa uani. Lakini mswada mzima, kurasa 112, sijasikia mtoto yule akimwita baba yake kwa neno lolote. Nataka kujua kama ulikusudia, na kama anapomaliza kumnyoa kuna neno limemfika mdomoni.

Wenu,
Bibi yenu wa Ngamiani, Tanga