Kadi ikiibwa Ulaya, hasara inalipwa Jambiani

Mhariri,

Mimi ni mhasibu wa nyumba ndogo ya wageni hapa Jambiani, na nina neno na mabenki yetu.

Wageni wengi hulipa kabla hawajapanda ndege. Hutuma namba ya kadi, tarehe ya kuisha na tarakimu tatu za nyuma. Wengine huipiga picha kadi nzima, mbele na nyuma, wakairusha WhatsApp. Mapokezi anabonyeza namba kwenye mashine, risiti inatoka, benki imekubali. Miezi kadhaa baadaye tunaarifiwa kuwa mwenye kadi, mtu wa Ujerumani, hajawahi kukanyaga Zanzibar. Pesa zinachomolewa kwenye akaunti yetu. Aliyelala chumbani na kula pweza wetu keshaondoka zamani.

Wapo wasiokuja kabisa. Wanaweka nafasi ya ukoo mzima, wanalipa kuzidi bei, kisha wanaomba kwa adabu zote ile ziada umtumie "wakala wao wa usafiri" kwa simu. Jirani yetu alituma. Kadi ilikuwa ya wizi. Akadaiwa malipo yote, na ziada ikawa imetoka mfukoni mwake.

Ukiiuliza benki, inakuonyesha mkataba: muamala wa kubonyeza namba ni juu ya mfanyabiashara. Haya. Lakini njia nyingine ipo tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Mgeni anatumiwa kiungo cha malipo cha mtandaoni, anajaza kadi yake mwenyewe, benki yake inamtaka athibitishe kwa namba ya siri, kama ile ya ujumbe mfupi, au kwenye programu ya simu, na akishathibitisha, hasara ya kadi ya wizi kwa kawaida huiangukia benki iliyoitoa. India iliyalazimisha malipo ya kadi mtandaoni yawe na uthibitisho wa ziada tangu 2009. Sisi tulipoomba kiungo hicho, tuliambiwa ni cha wateja wakubwa! Mkubwa hasara ya usiku nne haimtikisi. Kwetu hiyo ni mishahara ya jikoni.

Najua namba ya siri ya ujumbe mfupi nayo huibwa, tapeli akiihamishia laini yako kwenye simu yake. Hata hivyo ni afadhali kuliko picha ya kadi kwenye WhatsApp.

Naiomba Benki Kuu iagize kwamba kila anayepewa mashine ya kubonyeza namba apewe na kiungo cha malipo, na kwamba kifungu cha nani anabeba hasara kiandikwe kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, kabla ya sahihi.

Mhasibu,
Jambiani, Zanzibar