Barua kwa mwanangu Zuhura, kuhusu pikipiki ya babu yako

Korogwe

Mwanangu Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako uliye mbali, ingawa kwa simu hizi tunajua hata ulichokula jana usiku. Nimeona niandike kwa kalamu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na kwenye simu wewe huwa na haraka, na mama yako naye hudai zamu yake.

Ujumbe wako kuhusu yule fundi wa Dar es Salaam nimeupata. Kwamba anachukua pikipiki kongwe, anazivua mpaka fremu, anazipiga rangi na kung'arisha kila bati mpaka mtu ajione uso, na kwamba gharama zote utabeba wewe. Mungu akuzidishie, mwanangu. Lakini pikipiki ya babu yako, ile Honda ya zamani, haiendi Dar. Pesa hizo zina kazi nyingine kwenye pikipiki hiyohiyo, nitakueleza, ila kwanza ujue nimefika wapi.

Unaikumbuka ilivyokuwa: imeegemea ukuta wa ghala kule Soni, juu magunia, chini kuku wametaga. Baba yako mdogo alikuwa ameshapatana na wale wa chuma chakavu waipime kwa kilo. Nikaiteremsha huku kwa gari la kabichi, na nilipoishusha kiki haikwenda chini hata kidogo. Injini imejamu. Vijana wanaokaa barazani wakatoa ushauri wao: igongwe nyundo, au bodaboda aikokote huku iko kwenye gia. Ukiilazimisha hivyo injini iliyolala miaka mingi, ringi za pistoni hukatika, na vipande vyake huchora silinda kuanzia juu mpaka chini. Nilifungua plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili tunduni, nikaiacha inywe. Kila asubuhi naongeza kidogo, naweka gia ya juu kabisa, nalisukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma kwa mkono. Gia ya juu ndiyo inayoipa krenki, yaani shafti kuu ya injini, nguvu nyingi ukisukuma kutoka gurudumuni. Kwenye gia ya kwanza utatoka jasho bure. Asubuhi moja ikasogea upana wa kucha. Mama yako akatoka jikoni akidhani nimeangukiwa na kitu, maana nilipiga kelele.

Kuifungua nako kuna adabu yake. Zile skrubu za pembeni mwa injini zinaonekana kama nyota za kawaida, lakini Wajapani walizichonga kwa kipimo chao, na bisibisi ya dukani hupanda juu na kukila kichwa. Ndiyo maana pikipiki nyingi za Kijapani zilizopita kwa mafundi wa haraka utazikuta skrubu zake zimetobolewa macho. Nilitengeneza ncha moja kwa tupa mpaka ikakaa sawasawa, nikatumia bisibisi ya kugonga. Zote zimetoka nzima isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa imeshaharibiwa zamani.

Ndani, silinda ilikuwa na mkanda wa kutu pale pistoni ilipolala. Tona wa Tanga, yule fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, ameichonga na nimepata pistoni ya saizi inayofuata, iliyozidi kwa milimita 0.25. Vali nimezisaga kwa mkono. Kabureta ilikuwa imejaa utomvu wa petroli ya zamani, rangi ya asali. Jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, nimezizibua kwa unywele mmoja wa waya wa shaba, kamwe si kwa sindano, maana sindano ya chuma hupanua tundu na pikipiki itakunywea mafuta maisha yake yote. Kwenye tanki nilitia siki na kokoto, nikalitikisa mpaka mabega yakakataa. Kuna tundu dogo chini yake, na jirani yetu wa kuchomelea alikuja na gesi yake tayari. Nikamrudisha. Tanki lililowahi kukaa petroli, hata likikauka miaka, mvuke hubaki kwenye mikunjo, na moto ukifika hapo huzungumzi tena. Nimeliziba kwa gundi ya chuma isiyoyeyuka kwa petroli.

Sasa nikuambie kuhusu pikipiki yenyewe, kwa sababu wewe unaiita chuma. Hii ni Honda CG125. Ilitoka mwaka 1976, na Honda hawakuiunda kwa ajili ya Wajapani wenye gereji kila kona. Waliiunda kwa ajili ya nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mtu na magunia yake, oili hubadilishwa ikikumbukwa, na fundi yuko mbali. Kwa hiyo waliirudisha nyuma makusudi. Pikipiki zao ndogo wakati ule zilikuwa na shafti ya kamu, ile inayofungua vali, huko juu kichwani, inaendeshwa na taimingi cheni. Oili ikichafuka, huko juu ndiko kunakoumia kwanza. Kwenye CG wakaishusha kamu chini karibu na krenki, wakaacha fimbo mbili zipande kusukuma vali. Watu wa mashindano wataicheka. Mimi niliyezeeka kwenye korona, zile mashine za kuchakata mkonge, nikiona mashine nzuri zikifa kwa kukosa mtu wa kuzihudumia, naiona ni akili kubwa kuliko ya mashindano. Brazil ilipoanza kuiunda, waliyemtumia kuitangaza ni Pelé mwenyewe.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni cheni. Honda waliifungia yote ndani ya sanduku la bati, huoni hata pingili. Rimu zilikuwa zimeliwa na kutu, spoku nyingine zilikatika nikizigusa tu, lakini nilipofungua lile sanduku nikakuta cheni ina grisi na inapinda vizuri. Vijana wa siku hizi wakinunua pikipiki, kitu cha kwanza wanachong'oa ni bati la cheni, wanasema linapiga kelele.

Jirani yetu wa bodaboda alichungulia injini akaniambia, "Mzee, kumbe na wewe umenunua Mchina!" Nikamwambia arudi akakae. Wachina wameinakili injini hii miaka mingi, na nyingi ya pikipiki walizotuletea, zile zilizoanzisha bodaboda vijijini kwetu, ndani zina fimbo mbili hizohizo. Kwangu hiyo ni neema: sahani za klachi na gasketi nimezipata dukani hapa hapa Korogwe kwa bei ya soda chache. Ila pima kabla ya kulipa. Si kila kinachofanana kinakaa.

Nirudi kwenye rangi, maana huko ndiko tutakakokosana.

Babu yako alikopeshwa pikipiki hii na ofisi ya kilimo mwanzoni mwa miaka ya 1980, akakatwa mshahara mpaka ikawa yake. Wewe hukuiona miaka ile. Vita vya Kagera vimekwisha, fedha za kigeni hakuna, sukari na sabuni ni foleni, na kipuri cha Honda ni jambo la kuomba Mungu. Bwana shamba kama yeye alitakiwa afike Bumbuli, afike Mlalo, barabara zile za Usambara unazijua mvua ikinyesha. Kilichovunjika alikitengeneza kwa kilichokuwepo. Nilipoiosha kwa sabuni na mafuta ya taa, rangi nyekundu ilijitokeza, na kwenye kifuniko cha ubavuni ikatokea namba ya ofisi iliyoandikwa kwa brashi, mkono wa mtu aliyejua kuandika. Juu ya tanki kuna bonde, pale alipoteleza na kulala na pikipiki kwenye tope. Alikuwa akisimulia kila mgeni. Nyuma kuna keria aliyoichomelea kwa nondo, kubwa kupita kiasi, iliyobeba miche ya kahawa, bomba la dawa, na mimi mwenyewe nikienda shule ya bweni. Fundi wako akiipokea, kazi ya kwanza ni msasa. Namba inakwenda, bonde linajazwa, nondo zinakatwa kwa sababu kiwandani hazikuwepo. Atakurudishia pikipiki nzuri sana ya mtu mwingine.

Lakini usidhani naabudu kila alichofanya mzee. Fimbo ya breki ya nyuma aliifunga kwa msumari uliokunjwa, na msumari huo umeshuka milima yote ile, sijui kwa dua ya nani. Nimeutoa siku ile ile nilipouona. Nyaya alizisokota na kuzifunga kwa mpira wa tyubu. Zote nje, nimesuka upya. Breki shuu alizibandika vipande vya mkanda wa mashine, nazo nje. Hapa shika neno: ukifungua breki za pikipiki ya zamani usipulize lile vumbi, wala usiruhusu mtu alipulize kwa pampu. Bitana za enzi zile nyingi ziliwekwa asbesto, na asbesto ikiingia kifuani haitoki. Lowesha kwa maji, futa, tupa kitambaa. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: alichokifanya babu kikiwa hakimuui mtu, kinabaki. Kikiweza kumuua, kinatoka bila huruma, hata kama alikifanya kwa akili nyingi.

Pesa zako basi. Rangi haimshiki mtu barabarani. Kuna vitu vinne au vitano ambavyo havionekani kwenye picha na ndivyo nisivyotaka kuvifanyia ubahili: matairi na tyubu mpya, bering za magurudumu yote mawili, sili za shokapu za mbele maana zinavuja, breki shuu za ukweli, na spoku za kusuka rimu upya. Matairi yaliyopo yana kashata (meno) nzuri na wewe ungeyaona mazima, lakini yamepasuka ubavuni kwa uzee. Mpira hufa hata ukiwa umesimama. Kwa bei ya kazi ya yule fundi hivi vyote vinapatikana na chenji inabaki.

Balbu nazo ni shida, kwa sababu umeme wake ni wa volti 6. Kariakoo ukisema balbu ya pikipiki watakupa ya 12 na kukuapia kwamba inafaa. Itawaka, lakini kama kaa linalozimika. Sisitiza 6, na uisome mwenyewe kitakoni. Wapo walionishauri nibadilishe mfumo mzima uwe wa 12. Sioni haja, usiku siendeshi, na macho yangu unayajua.

Imeshawaka? Ndiyo, imewaka, juzi Jumamosi. Platini, zile ncha zinazokata umeme wa cheche, nilizisafisha kwa msasa laini, nikaweka nafasi ya tapeti kwenye vali milimita 0.08 injini ikiwa baridi kabisa, nikafunga chupa ya petroli kwenye kamba ya nguo badala ya tanki. Ikatoa moshi mwingi wa oili niliyoipaka kwenye silinda, mbuzi wa jirani wakakimbia, kisha ikatulia kwenye sailensa, yaani inazunguka yenyewe bila kuvutwa mafuta, inagonga taratibu. Vali za fimbo hugonga kidogo, hilo si ugonjwa. Nikaizima baada ya muda mfupi, nikamwaga oili yote na kuosha wavu wake, maana mashine hii haina filta ya kubadilisha, ina wavu na kikombe kinachozunguka ambacho hukusanya uchafu pembeni. Kikombe nilikuta kimejaa tope jeusi gumu, la miaka ya babu yako na ya wote walioazima pikipiki bila kununua oili.

Jambo la mwisho si la spana. Kadi ya umiliki wa pikipiki bado ina jina la marehemu babu yako. TRA hawawezi kuihamisha kwa maneno matupu, kwa hiyo tutakaa kikao cha ukoo, tuandike muhtasari, twende Mahakama ya Mwanzo wamteue msimamizi wa mirathi. Shangazi yako amekubali niwe mimi. Baba yako mdogo bado anazungumzia kilo za chuma, ila tangu alipoisikia ikiwaka ameanza kuuliza inakula lita ngapi. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Nataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba haiuzwi na haikopeshwi bodaboda, na nataka wewe uwepo siku hiyo, kwa sababu kwenye kikao wewe hutuliza watu kuliko mimi. Nitakutajia tarehe shangazi akirudi Tanga.

Bering usinunue bado. Namba zimechongwa ubavuni mwake na zile za mbele sijazitoa, nikizitoa nitakupigia. Matairi unaweza kuanza kuulizia bei Gerezani ukipita Dar, na uangalie wiki na mwaka wa kutengenezwa, ile namba ya tarakimu nne kwenye kiduara: mbili za mwisho ni mwaka. Wakikuletea la zamani lililong'arishwa kwa mafuta, rudisha.

Mama yako anakusalimu, na anasema ile sufuria yake uliyoondoka nayo anaihesabu.

Wasalaam,
Baba yako