Gari la zamani lifunguliwe kwanza, bei ije baadaye

Kwa Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako barua ya msomaji aliyelalamika kwamba fundi mmoja wa hapa Mombasa amekaa na Land Rover yake miezi saba, na kila akipiga simu anaambiwa aje Ijumaa. Akamalizia kwa kusema mafundi wa Pwani sote ni matapeli. Mimi ni fundi wa bodi, banda langu liko Changamwe, na kazi hii ninaifanya mwaka wa 26 sasa. Gari lake silijui, fundi wake simjui. Lakini miezi saba naijua, maana mwaka jana nilikaa na gari kama hilo miezi tisa.

Ndugu huyo ana haki ya kukasirika kwa kupigwa kalenda. Mafundi tuna ugonjwa huo. Mtu anaambiwa "imebaki rangi tu" na gari liko juu ya mawe, halina hata magurudumu. Hilo silitetei. Ninalosema mimi ni kwamba uongo huo huanza siku ya kwanza, pale mlangoni, mwenye gari anapouliza, "Fundi, itakuwa pesa ngapi?" na fundi, kwa kuogopa mteja asimkimbie, akataja bei ya gari ambalo hajalifungua.

Mimi pia niliitaja.

Mwezi wa Machi mwalimu mmoja mstaafu wa Tudor aliniletea, limevutwa kwa lori, Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109. Lilikuwa la marehemu mumewe na lilikuwa limelala uani chini ya mkwaju miaka kumi na moja. Hizi Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, kwa hivyo hata iliyo kitinda mimba si mtoto tena. Nikalizunguka mara mbili, nikagonga milango kwa vidole, nikaona bodi imesimama. Nikapiga hesabu kichwani: kunyoosha, msasa, rangi, breki. "Mwalimu, lete Sh80,000 na unipe miezi mitatu." Akanipa mkono, tukamaliza.

Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Bodi ya Land Rover ni alumini. Waingereza walipotoa ya kwanza mwaka 1948 vita vilikuwa vimekwisha juzijuzi na chuma kilikuwa cha mgao, ndipo wakageukia alumini. Alumini haipati kutu ile nyekundu, basi mtu akiona boneti safi hudhani gari lote zima. Kumbe chasi, ule uti wa mgongo unaobeba gari lote, ni chuma, fremu iliyo ndani ya mlango ni chuma, na ule ukuta wa mbele unaotenga injini na miguu ya dereva ni chuma vilevile. Tena chasi ni kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope yakiingia hayatoki, na kuoza kwake huanzia ndani kuja nje. Sasa lichukue gari hilo ulilete kwetu, ambako upepo wa bahari unashinda ukimwaga chumvi juu ya kila kitu, na enzi zake lilikuwa likivuka kwa feri ya Likoni kila wiki. Hata alumini nayo haiponi: pale inapogusana na chuma, maji ya chumvi yakiingia katikati, huliwa na kutoa unga mweupe kama wa muhogo. Unaupangusa kwa kidole, unakuta bolti haina tena inachoshika.

Siku ya tatu tulinyanyua bodi. Nikachukua nyundo ndogo nikaanza kugonga chasi kutoka mbele. Chuma kizima hulia ngi, kilichooza hulia pu. Mbele ilikuwa ngi, ngi. Kufika kwenye ile mikono inayobeba bodi, pu. Boriti ya nyuma ndiyo iliyonichosha. Kuna fundi aliyenitangulia, Mungu anamjua, alichomelea kipande cha bati juu ya kutu, akapaka puti, kisha akafunika kwa rangi nyeusi ya lami ikapendeza. Nilipotia bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini. Ndani nilikwangua matope makavu, udongo mwekundu, karibu nusu ndoo. Marehemu alikuwa akifanya kazi ya mifugo huko Taita. Nadhani alikuwa akiutembeza udongo huo miaka yote bila kujua.

Nikampigia simu Mwalimu aje mwenyewe. Alikuja na leso yake begani, akainama, akamulika kwa simu, mwanga ukatokea upande wa pili. Akasema, "Fundi, hii si chasi tena. Hiki ni kifumbu cha kukamulia tui."

Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nikihesabu. Zile Sh80,000 zilikuwa zimekwisha na sijanunua hata chuma.

Akaniuliza, "Ungenificha ningejuaje?" Nikamwambia asingejua, mpaka siku springi ingechomoka akiwa njia ya Voi na wajukuu nyuma.

Tukaketi kwenye benchi, akaagiza soda, akatoa daftari. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya kazi yetu. Zile siku tatu za nyuma ziwe za kujuana tu. Tuliandika kila kitu kilichoonekana: kipi kikatwe, kipi kichomelewe kwa bati la milimita tatu, kipi kitafutwe kwenye magari mabovu ya Shimanzi na Mariakani, na kila hatua pesa yake. Mimi ndiye niliyeandika, yeye akapitia kwa kalamu nyekundu kunisahihisha tahajia. Jumla ilifika Sh310,000, kwa awamu nne. Alinyamaza kidogo, akasema atauza kiwanja kidogo au atauza gari, atafikiria usiku. Asubuhi alileta awamu ya kwanza.

Halafu kukaja suala la kulibadilisha. Mwanawe aliye Nairobi alitaka tuondoe injini tuweke dizeli ya Kijapani, tutie usukani mwepesi na kiyoyozi. Sina ugomvi na injini za Kijapani, nimezifunga nyingi. Lakini ili ikae hapo lazima ukate viti vya injini kwenye chasi, giaboksi ile haikuundwa kwa mvuto huo, na namba ya injini kwenye kitabu cha gari itabidi ibadilishwe nayo. Na injini iliyokuwamo, ile ya petroli ya cc 2,286, haikuwa na kosa kubwa. Ilitaka vali na kabureta kusafishwa. Kiyoyozi nilikikataa kwa mdomo wangu. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili; ukivifungua gari likitembea, upepo wa kaskazi unakupiga usoni bure. Tulitia mipira mipya na wavu, basi.

Tukapatana hivi: chochote kitakachoongezwa kifungwe kwa bolti, kiweze kufunguliwa, na kisikatwe kitu cha asili. Breki zikapata servo, kile kifaa kinachousaidia mguu kukanyaga. Mikanda ya viti ikafungwa kwenye chuma na kuwekewa bamba kwa chini, kwa sababu ukiifunga kwenye alumini, siku ya ajali itang'oka nayo. Na kwa vile goti la Mwalimu linamuuma, nilimtengenezea kidato cha kupandia chini ya mlango wa abiria, nikakipima na yeye mwenyewe, akipanda na kushuka, akipanda na kushuka, mpaka wanafunzi wangu wakaanza kuhesabu kwa sauti. Vile virungu viwili vya sakafuni, chekundu cha gia nzito na cha njano cha magurudumu yote manne, tulivipaka upya kwa rangi zao zilezile.

Tulichelewa pia kwa sababu nyingine, na hii ni kosa langu. Mwezi wa Julai, kwa haraka ya kumridhisha, nilipiga rangi boneti asubuhi yenye manyunyu. Kusi linavuma, hewa ina maji, rangi ikakauka na ukungu mweupe juu yake kama kioo kilichopulizwa pumzi. Tukaipiga msasa yote. Baada ya hapo sikugusa bunduki ya rangi mpaka kaskazi lilipoanza.

Wapo watakaosema makuukuu kama haya yauzwe kwa kilo. Yanauzwa kweli, na alumini ina bei kuliko chuma. Inayeyushwa inakuwa sufuria. Sitashangaa kama nimeshakula pilau iliyopikwa ndani ya mlango wa Land Rover. Lakini nchi hii hairuhusu tena kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo likiyeyushwa hili, jingine haliji.

Kwa ndugu aliyeandika: nenda kwa fundi wako, usimuulize bei wala siku. Mwambie akuoneshe chasi. Chukua tochi na nyundo. Kama bodi haijanyanyuliwa hata leo, miezi saba hiyo amekaa nayo bure na una haki ya kuondoka na gari lako. Kama imenyanyuliwa, ketini muandike upya. Na kwenu mafundi wenzangu, toza kazi ya kufungua peke yake, siku tatu au nne, mtu alipe hiyo tu. Akiona alichokiona na bei imemshinda, alichukue gari lake, msiwekeane kinyongo. Picha za simu hazigharimu kitu. Mtumie kila jioni.

Gari la Mwalimu lilitoka Desemba, kijani kilekile tulichokikuta chini ya tabaka tatu za rangi. Kwenye ile karatasi yetu, mstari wa mwisho, kwa kalamu yake nyekundu, kulikuwa na maneno haya: "Kibonyeo cha nyuma kushoto kiachwe." Marehemu aliligongesha kwenye mnazi huko Msambweni usiku aliokuwa akimkimbiza Mwalimu hospitali kujifungua kifungua mimba. Nilikinyunyizia rangi hivyohivyo kilivyo. Gari lilikaa mbele ya banda siku mbili likingoja bima, na kila fundi aliyepita aliniita pembeni kunionesha mahali nilipopasahau.

Ni mimi,
Fundi wa bodi,
Changamwe, Mombasa.